Pafu Likinywea, Msisubiri Picha

Ndugu wauguzi na matabibu, pafu halijafungwa kwa kamba kifuani. Linashikamana na ukuta wa mbavu kwa sababu kati ya tando mbili kuna umajimaji kidogo na mvutano. Hewa ikipenya hapo, kwa jeraha au kwa lengelenge la pafu lenyewe kupasuka, mshikamano unaachia na pafu linanywea.

Mgonjwa atalalamika kichomi cha ghafla upande mmoja, na pumzi haimtoshi. Mgonge kifuani kwa vidole: upande ulioumia unalia kama ngoma, lakini ukiweka stetoskopu husikii pumzi ikiingia, au unaisikia kwa mbali sana.

Hatari kubwa ni pale hewa inapoingia isitoke. Kifua kinajaa, moyo unasukumwa pembeni, damu inashindwa kurudi moyoni. Presha inashuka, mapigo yanakimbia, mishipa ya shingo inatuna. (Aliyevuja damu nyingi shingo yake haitatuna, msidanganyike.) Koo la hewa kuhama upande huonekana mambo yameshaharibika.

Huyu hapelekwi eksirei. Mpe oksijeni, chukua kanula nene (sindano iliyovikwa kijibomba cha plastiki), namba 14, yenye urefu wa sentimita 8. Ile ya 5 mara nyingi huishia kwenye nyama. Kwa mtu mzima, choma nafasi ya 4 au ya 5 kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Kwa mtoto tumia kanula fupi, nafasi ya 2, usawa wa katikati ya mtulinga. Pita juu ya ubavu, kamwe si chini yake, maana ndiko ilikojificha mishipa ya damu na neva. Toa sindano, bakiza plastiki.

Plastiki hiyo hujikunja upesi, kwa hiyo mrija wa kifua ufuate mara moja. Mrija huo huishia kwenye chupa yenye maji, ili hewa itoke isirudi, na hapa kwenye chupa ndipo tunapozembea. Ncha ya mrija izame sentimita 2 tu majini. Mkizamisha 10, hewa italazimika kuyasukuma maji yote hayo ndiyo itoke. Chupa ibaki chini ya usawa wa kifua hata mgonjwa anapohamishwa. Ikipakatwa kitandani, maji hurudi kifuani. Mrija unaotoa mapovu haubanwi, kwani hewa itakosa pa kutokea na mtarudi kule kule. Maji ndani ya mrija hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Yakitulia, kagueni kwanza kama mrija umekunjwa au umeziba, kabla ya kushangilia kwamba pafu limefunguka.