Warsha ya Stadi za Maisha: Mwenye Shida Aanze na Mtu Mmoja, au na Kikundi?

DADA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tulipanga stadi tatu: kuitawala hasira, kukataa bila kugombana, na kuomba msaada mapema. Kabla ya hapo, naomba nieleze warsha niliyohudhuria Alhamisi katika ukumbi wa kata.

MWALIMU: Ile uliyonipigia simu ungali njiani?

DADA: Hiyo hiyo. Mwezeshaji aliandika kwenye bango kitita kwa kalamu rashasha: “Ni jambo gani linakunyima usingizi?” Mama mmoja mjane alikaa kimya, akiviringisha pindo la kanga kidoleni, kisha akaeleza jinsi mashemeji walivyochukua cherehani aliyokuwa akishonea sare za shule. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, jirani yake pale jamvini akamwambia kwamba cherehani yake mwenyewe hukaa bure kila jioni, basi aje aitumie. Msaada kama huo, Mwalimu, hautoki kwa mshauri mmoja aliyejifungia na mtu chumbani.

MWALIMU: Cherehani imenifurahisha, ila mwezeshaji simuungi mkono. Waliomsikia mama huyo ndio atakaokutana nao gengeni na msibani, na huenda yumo jamaa wa mashemeji hao. Tazama Mbare, mjini Harare, ambako daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 akiwa na bibi 14. Mwenye huzuni hukaa na bibi mmoja kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakayataja matatizo yote, wakachagua moja, wakatafuta hatua ndogo anayoweza kuitekeleza kabla hawajaonana tena. Utafiti wa watu 573 katika kliniki 24 za Harare, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za huzuni za waliokaa benchini zilikuwa chache kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida.

DADA: Umeishia nusu ya safari. Wakitoka benchini hualikwa kwenye kikundi, ambako huzungumza huku wakifuma mikoba kwa plastiki zilizokwishatumika.

MWALIMU: Wakitoka benchini, Dada, huo ndio utaratibu ninaoutetea. Hata kwetu pwani, mwari alikabidhiwa somo, mwanamke mmoja asiye mama yake mzazi, naye ndiye aliyebeba siri zake hata baada ya ndoa.

DADA: Mbona unyago umeuruka? Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliwafunda wari kwa ngoma na nyimbo, wanawake wakiwa wamekusanyika. Binti aliona kwa macho yake kwamba yanayomtisha yamewapitia wengine pia.

MWALIMU: Ngomani aliyesema ni kungwi. Mwari hakutakiwa kutoa ya moyoni mbele ya wote. Akiwa na lake alimwendea somo wake faraghani.

DADA: Hata hivyo aliyasikia pamoja na wenzake, na hilo ndilo lililompa nguvu ya kwenda kwa somo. Isitoshe, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukabiliana na matatizo ulijaribiwa kwa vikundi wilayani Swat, Pakistan, kwa wanawake 612, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wasiwasi na sonona vilipungua. Walioongoza vikundi hawakuwa wataalamu wa afya ya akili.

MWALIMU: Vikundi vya Swat vilikutana kila wiki kwa wiki tano, chini ya watu waliofunzwa na kusimamiwa. Kata yako ilitoa asubuhi moja, kisha kila mtu akashika njia yake. Nani atamjulia hali yule mama wiki ijayo?

DADA: Mwenye cherehani.

MWALIMU: Huyo ni bahati, wala si utaratibu. Mimi ningemwita pembeni kabla ya kikao, nimuulize yapi yuko tayari kuyasema na yapi abaki nayo.

DADA: Pembeni angekujibu kwamba hana neno, kama wajane wengi wanavyojibu, naye angerudi nyumbani bila cherehani.

MWALIMU: Na bila maneno ya watu.

DADA: Maneno ya watu hayashoni sare, Mwalimu. Fundi mitambo ananionyesha kwamba muda umekwisha, kwa hiyo zile stadi tatu hatutazifikia.

MWALIMU: Zitangoja, lakini bado nasema angeulizwa kwanza.

DADA: Nami nasema aliulizwa, akajibu.