Skafu ya Kando ya Barabara: Unalipia Nini?

Ndugu zangu, sikuja kuwakataza kununua skafu kwa wachuuzi wa mjini. Mimi mwenyewe hununua. Ila mjue kwamba kinachodanganya pale ni lebo. Kitambaa chenyewe hakina kosa.

Chukueni ile iliyoandikwa "pashmina 100%". Pashmina halisi ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa nyanda za juu za Himalaya, kama kule Ladakh, kaskazini mwa India. Unyoya wake mmoja una unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 12 hadi 16 hivi, wakati unywele wa binadamu hufika kama 70. Manyoya hayo huchanwa mara moja kwa mwaka, na mbuzi mmoja hatoshi shali kubwa. Sasa niambieni, lile rundo lenye kila rangi, linalouzwa kwa chenji ya mfukoni, limetoka kwa mbuzi gani? (Kicheko.)

Mara nyingi ni viskosi, au nyuzi za plastiki kama akriliki na poliesta. Viskosi msiidharau! Hutengenezwa kwa rojo la miti, hushika rangi vizuri na hulala shingoni bila kukakamaa. Akriliki hupasha joto, lakini haikawii kuota vitonge. Poliesta hung'aa ikajifanya hariri.

Wengine watakuambia upitishe skafu kwenye pete ili ujue kama ni pashmina halisi. Jaribio hilo halina maana, kwa sababu hata viskosi nyepesi hupita. Afadhali moto. Chomoa uzi mmoja kwenye matamvua, ushike kwa kibanio juu ya sinki, uuwashe. Sufu, pashmina ikiwemo, na hariri hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika. Pamba na viskosi hunuka karatasi. Poliesta na akriliki huyeyuka, zikaacha punje ngumu. Fanyeni hayo nyumbani, tafadhali. Ningekuwa mchuuzi, ningekufukuza na kiberiti chako.

Pale barabarani inatosha kuitazama skafu kwenye mwanga, maana sehemu zilizolegea huonekana upesi, kisha kukagua pindo. Halafu lowesha leso nyeupe, omba ruhusa, sugua pembeni. Leso ikipata rangi, skafu hiyo itachuja.

Bei mpatane kwa kitambaa mlichokishika, lebo muiache kando. Na ikichuja lakini umeipenda, inunue tu. Uifue peke yake, kwa maji baridi, wala usiivae na shati jeupe siku ya mvua.