Hesabu bila mkataba

Jamani, kabla sijawasha hii iPad, nani hapa amewahi kuendesha bodaboda ya mtu? Wawili. Basi nyie mtanielewa haraka. Bodaboda ya hesabu unampelekea tajiri fedha yake kila siku, hata miaka mitano, na chombo kinabaki chake. Ya mkataba unalipa mpaka unakabidhiwa kadi. Programu zetu za kazi nyingi siku hizi ni za hesabu, na mkataba hamna.

Chukueni Final Cut Pro, programu ya Apple ya kuhariri video. Kwenye Mac ilikuwa dola 299.99, unalipa mara moja. Mei 2023 Apple wakaileta kwenye iPad kwa dola 4.99 kwa mwezi, au 49 kwa mwaka. Piga miaka sita: dola 294. Karibu sawa na bei ya ile ya Mac, na kadi ya chombo bado iko kwa tajiri.

Dola tano zenyewe si tatizo. Mie kazi yangu ni video za harusi, na Ramadhani harusi hamna. Mimi nafunga, ada haifungi. Mwaka juzi programu moja, siitaji jina, ilikuta akaunti yangu tupu siku ya makato. Jina la bwana harusi kwenye video lilikuwa limekosewa herufi moja tu, nataka kulirekebisha, mradi ukagoma kufunguka! Mama wa bibi harusi alinipigia simu siku tatu mfululizo.

Sasa tazameni Procreate, programu ya kuchorea, ya Tasmania, Australia. Iko tangu 2011, bei yake ya sasa dola 12.99 mara moja, umemaliza. Ile ada ya dola 4.99 ya Final Cut, ya miezi mitatu tu, ingeinunua na chenji ikabaki.

Wauzaji nao tusiwaite wezi. App Store, duka la programu la Apple, haina utaratibu wa moja kwa moja wa kumtoza mteja wa zamani nusu bei kwa toleo jipya, na mfumo wa iPad hubadilika kila mwaka. Mhandisi anayerekebisha anakula. Ndiyo maana mimi ya kuchorea nanunua, ya video nakodi miezi yenye kazi tu. Kabla ya kukata usajili natoa video iliyokamilika, naiweka kwenye diski pamoja na klipu mbichi.

Haya, fungueni usajili kwenye iPad zenu, mhesabu matajiri. Mimi jana nilikuta wanne, mmoja nilikwishamsahau.