Kasuku Hataki Kuguswa? Msome Kwanza, Ndipo Unyooshe Mkono

Assalaam aleikum watazamaji, karibuni tena barazani. Leo tuko na Karafuu, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na swali ni lile mnalotuletea kila siku: ndege anakula mkononi, nikiingia anapiga mluzi, lakini nikimgusa tu ananidona. Kwa nini?

Vifaa ni vichache. Kijiti cha kutulia, njiti moja ya mshikaki iliyokatwa ncha, na mbegu kumi za alizeti, zimemenywa na kila moja imekatwa nusu mbili. Zisizidi hapo, alizeti ina mafuta mengi. Kijiti hiki ni cha mpera, tunavichonga wenyewe na tunaviuza, maelezo yako chini ya video. Unene wake ni sentimita 3 hivi, ili vidole vya kasuku wa ukubwa huu vikizunguke karibu robo tatu. Kikiwa chembamba au laini kupita kiasi, miguu inateleza, na ndege asiyeiamini miguu yake hawezi kutulia akaguswa.

Osha mikono, suuza, kausha. Mafuta ya nazi hapana, manukato hapana, kwa sababu mafuta hugandisha manyoya. Na wewe uliyetoka harusini na hina au piko mbichi mkononi, usishangae ndege akikukimbia. Mkono aliouzoea umebadilika rangi, kwake huo ni mkono mwingine. Mwonyeshe kwa mbali siku mbili tatu, kisha endelea. Udi nao uache leo. Pumzi ya ndege hupita kwenye mapafu ikaingia mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na moshi unaokusumbua wewe kidogo, yeye unamdhuru. Siku ya kufukiza, ndege atolewe nje kwanza, chetezo kiwashwe baadaye.

Haya, sasa tuelewe anachokikataa.

Kitu kinachomshukia ndege kwa juu, huko porini, ni mwewe au kipanga. Mkono wako ukipita juu ya kichwa chake unaleta kivuli kile kile. Ndiyo maana mkono tunauleta kwa mbele na kwa chini kidogo ya macho yake, kila siku, hata kwa ndege aliyezoea. Halafu unyoya si kama unywele wetu. Kwenye ngozi, pale shina lake linapoota, pana mishipa ya fahamu, kwa hiyo mguso mdogo tu anausikia. Na kubwa zaidi: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anapumua kwa kukipandisha na kukishusha kidari. Ukimbana kidari, hata kwa mapenzi, umemziba pumzi. Anayemkumbatia ndege kama mtoto mchanga anamtesa bila kujua.

Kuna jambo la nne. Kasuku wawili wanaopendana huchambuana manyoya ya kichwa na shingo, kwa sababu hapo mdomo wa mwenyewe haufiki. Mgongo, chini ya mabawa na shina la mkia ni mambo ya mwenza wake. Ukimpapasa huko, anaweza kukuchukulia wewe ndiye mwenza, akaanza wivu, akawadona wenzako nyumbani, na jike akataga mayai yasiyo na faida huku mwili wake ukiishiwa kalisiamu. Kwa hiyo nasema wazi: kichwani na shingoni tu.

Sogea karibu na kamera, tumsome Karafuu. Manyoya yamelegea, mguu mmoja umekunjwa, anasaga mdomo taratibu, mnausikia ule mkwaruzo? Huyo ametulia. Sasa naleta mkono mpaka nusu mita…

Subiri. Subiri kidogo. Kunguru ametua dirishani. Usiikate video, mtazamaji, hili ni bora kuliko nililotaka kuonyesha. Angalia: manyoya yote yamelala yakabana mwili, amekuwa mwembamba ghafla, shingo imenyooka, jicho limetoa. Kunguru wapo Unguja tangu miaka ya 1890 na ndege wa ndani hawajawazoea, wala hawatakiwi kuwazoea. Ukimgusa sasa hivi atakudona, nawe utasema "kasuku wangu mkali". Si mkali, ana hofu, na hofu hiyo haikutokana na wewe. Funga dirisha, ngoja dakika kumi.

…Tumerudi. Dalili nyingine za kukataa ni hizi: mwili kuegemea nyuma, mkia kufunguka kama upepeo, mboni kupanuka na kusinyaa haraka haraka, na kwa kasuku wa kijivu, mngurumo wa chini chini. Mboni peke yake isikudanganye, maana hata furaha huzichezesha. Zitazame pamoja na manyoya na mkia.

Hatua ya kwanza. Weka mkono umbali ambao habadiliki. Kwa mmoja ni mita moja, kwa mwingine ni mlango wa chumba. Mkono ukionekana, mbegu inatoka. Mkono ukiondoka, mbegu hakuna. Dakika tano asubuhi kabla ya chakula chake kikuu, dakika tano jioni, basi. Usimnyime chakula ili umtawale. Kila siku songa mbele sentimita chache, na akijibana tu, rudi pale alipokuwa sawa.

Hatua ya pili, njiti. Mwonyeshe kwa mbele, akiigusa kwa mdomo mpe nusu mbegu. Hii ni rahisi, wengi huipata siku ile ile. Faida yake ni kwamba anajifunza kuja mwenyewe badala ya kufuatwa.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibika. Sikilizeni vizuri. Kunja ngumi kwa ulegevu, mletee kidole kimoja kilichopinda, mbele ya mdomo, sentimita tano. Usimguse. Ngoja. Akitaka, atainamisha kichwa na manyoya ya kisogo yatasimama, hivi, tazama, kama ua linalofunguka. Hiyo ndiyo ruhusa. Asipoinama ndani ya sekunde tano, toa mkono taratibu, mpe mbegu hata hivyo.

Lakini kabla ya kuinama, mara nyingi atakileta kwanza mdomo wake kwenye kidole. USISHTUKE. Mdomo kwa kasuku ni kama mguu wa tatu, anakipima kidole kama anavyopima tawi kabla ya kukanyaga. Ukiuvuta mkono ghafla, umemfundisha kwamba mkono ni tawi linalokatika. Nairudia: usiuvute mkono ghafla. Kama umeona mngurumo na manyoya yaliyobana, mkono uondoke mapema, kabla mdomo haujafunguka. Ukichelewa, mdomo umeshafika, basi tulia, hesabu mbili, ndipo urudi nyuma polepole. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi ya wiki tatu kwa sekunde moja. Na glavu msivae, jamani. Glavu hukuondolea uchungu wewe, yeye humwongezea woga.

Ameinama? Mkune kwa kidole kimoja, shavuni au nyuma ya sikio, sekunde mbili. Simama. Rudi sentimita tano. Akiinama tena, endelea. Akijitikisa na kuanza kujichambua, ametosheka, mwache. Kusimama huku kila sekunde mbili ni kama kumuuliza upya, wala kusikuchoshe.

Karafuu ameinama, basi mleteni karibu na lenzi. Mnaviona hivi vijiti vidogo kisogoni, kama miiba? Ni vinyoya vichanga, bado vimo ndani ya ala zao. Huyu anatoa manyoya sasa. Tofautisha: ala nyeupe, kavu, iliyoanza kumeguka kama unga, unaweza kuisugua kwa ncha za vidole viwili, naye atafumba macho kwa raha. Ala yenye weusi au wekundu chini ina damu inayotembea. Hiyo ukiibonyeza anaumia kweli, na ndege mpole kuliko wote atakudona. Ile nyeusi usiiguse. Narudia, nyeusi usiiguse. Ikikatika na kuvuja, bonyeza kwa unga wa wanga wa mahindi na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Katika wiki za kutoa manyoya, wengi hawataki mkono kabisa, na wana haki.

Mtu atakwambia mshike kwa nguvu, mfunge kwenye kanga, atazoea. Ndege aliyebanwa akaacha kupigana hajatulia, ameganda. Utamjua kwa macho yaliyotoa, manyoya yaliyobana na pumzi za haraka. Taulo liwe la dharura na la dawa tu.

Tena, kasuku wa kijivu aliyekamatwa porini aliujua mkono kwa mara ya kwanza kama mtego. Wakazi wa asili wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati hawa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukikabidhiwa wa namna hiyo, pima kwa miezi, si kwa wiki. Chiriku nao, na kasuku wale wadogo kabisa, wengi wao hawapendi kuguswa maisha yao yote. Kwao kukaa begani au kula kiganjani ni urafiki kamili.

La mwisho ni la haraka lakini msilipuuze. Ndege aliyekuwa akiinama kila siku, ghafla anakataa: mtazame mwili kabla ya tabia. Amejitutumua mchana kutwa? Mkia unapanda na kushuka kila anapopumua? Kinyesi kimebadilika? Mpime kwa mizani ya jikoni ya gramu, asubuhi kabla hajala. Kasuku wa kijivu mzima wengi wako kati ya gramu 400 na 600, lakini namba unayoitaka ni yake mwenyewe ya wiki iliyopita. Akipungua sehemu moja ya kumi, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari. Ndege huficha ugonjwa mpaka unapomshinda.

Karafuu anajitikisa, mnaona. Ametosheka kwa leo. Natoa kidole taratibu, nusu mbegu ya mwisho, namrudisha kwenye tundu lake.