Betri ya gari la kulalia inaisha usiku? Pima kwanza, hela ibaki mfukoni

Habari zenu wadau, karibuni. Leo nipo Raskazone, hapa Tanga, na hii nyuma yangu ni Coaster ya dizeli iliyogeuzwa nyumba. Ina kitanda, friji, feni mbili, taa na inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ya kuchajia simu na kompyuta. Mzee wangu mwenye gari analalamika kwamba akilala, akiamka friji imezima na stata inatoa mlio wa "tik" tu. Ameshaambiwa anunue betri. Shikamoo mzee, tuliza moyo, hatununui kitu mpaka mita iseme.

Unahitaji mita ya digitali yenye tundu la ampea 10, spana namba 10 na 12, msasa, brashi ya waya na maji ya moto yaliyokorogwa magadi. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inaiva nyekundu ikiwa bado kidoleni.

Haya, fungua boksi la betri. Hapa zipo mbili, maana Coaster nyingi za dizeli ni volti 24: betri mbili za 12 zimeungwa kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Injini imezimwa tangu jana usiku, kwa hiyo hizi zimepumzika. Weka mita kwenye volti za DC, kisha pima kila betri peke yake. Usipime jumla, jumla inaficha mambo. Tazama: hii ya kulia 12.7. Hii ya kushoto 11.6.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Betri ya kawaida ya asidi ikiwa imejaa husoma kati ya 12.6 na 12.7, kwenye 12.2 imebaki kama nusu, ukifika 11.8 huna kitu. Sasa kwa nini moja imeshiba na mwenzake ana njaa, na zote zimefungwa siku moja? Sogeza kamera hapa chini. Unaona huu waya mwekundu unaotoka katikati, pale betri mbili zinapoungana? Aliyegeuza gari alitaka volti 12 za friji na taa, akazichukua kwenye betri moja. Mafundi wengi wanafanya hivi kwenye redio za mabasi. Redio ni mzigo mdogo, unaweza usione athari kwa muda mrefu. Friji inafanya kazi usiku kucha.

Washa injini uone upande wa pili wa tatizo. Jumla inasoma 28.2, na kwa gari la 24 hiyo ni sawa kabisa, fundi mvivu angeishia hapo. Lakini pima moja moja: iliyojaa inapata 15.1, dhaifu inapata 13.1. Altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inasukuma jumla, haijui nani ana njaa. Ile iliyojaa inachemka na kukausha maji, na hii nyingine haijai hata uendeshe mpaka Moshi.

Dawa ni kutoa waya huo wa katikati. Ukiwa na bajeti ndogo, funga kibadilishi cha 24 kwenda 12 kinachovuta kutoka betri zote mbili. Wauza spea za malori wanavyo. Ila mimi kwa gari la kulala ndani napendelea betri ya nyumba peke yake, ya friji na taa tu, ichajiwe na chaja ya betri kwa betri ya 24 kwenda 12. Ni ghali zaidi, lakini friji ikimaliza betri ya nyumba, injini inawaka na unaondoka.

Kama gari lako ni Hiace ya volti 12, huenda lina rilei, yaani swichi ya umeme inayounganisha betri ya injini na ya nyumba injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Zima injini, washa taa na feni zote za nyumba, subiri, kisha angalia volti za betri ya injini. Rilei nyingi huachia volti zikikaribia 12.8. Kama zinaendelea kushuka sambamba na za nyumba, rilei imeganda, haiachii.

Sasa tutafute umeme unaovuja gari likiwa limelala. Zima kila kitu, funga milango. Chomoa waya wa hasi kwenye betri. Hamisha ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la ampea 10. Kabla ya kuweka mita, unga kipande cha waya kati ya hasi ya betri na waya uliouchomoa, kisha weka mita sambamba nacho, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya, halafu ndiyo utoe kipande. Inveta ikipata umeme mara ya kwanza inavuta kwa kishindo, na kishindo hicho kinatosha kuua fyuzi ya mita. Na tafadhali, mtu asiguse ufunguo wa stata.

Magari yenye kompyuta yape nusu saa yalale. Kawaida yavute si zaidi ya ampea 0.05. Sisi tunasoma 0.62. Kwa siku nzima hiyo ni karibu ampea-saa 15, gari limekaa tu chini ya mkungu.

Chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako anatazama mita. Dogo, ya kwanza? Haijashuka. Ya pili? Vilevile. Tumemaliza boksi zima na mita haijatikisika. Maana yake kuna waya umetoka kwenye betri moja kwa moja bila kupita fyuzi. Tuufuate... unapita chini ya kitanda... na huyu hapa, inveta. Swichi iko "on", haijachomekwa kitu, lakini yenyewe inakula. Ikizimwa mita inashuka mpaka 0.03. Waya mnene kama huu bila fyuzi karibu na betri ni moto unaosubiri kutokea, tutaufungia fyuzi leo hii.

Tuje kwenye kuchaji. Rudisha waya wa hasi kwenye betri, na ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la volti. Gari la 12 likiwaka lisome kati ya 13.8 na 14.4, la 24, zidisha mara mbili. Sasa washa taa kubwa, weka ncha moja kwenye bodi ya altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa iwe chini ya volti 0.2. Hapa 0.9! Tufuate waya wa ethi, ule wa hasi, mpaka kwenye chasisi: bolti imeota ukungu mweupe na kijani. Hewa ya chumvi hii, hakuna gari la Raskazone linalopona. Fungua, osha kwa magadi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi kabla ya kukaza hapana. Rudia kupima: 0.1.

Ukichaji kwa umeme wa TANESCO, soma kibandiko cha chaja kwanza. Magari yaliyotoka Japani mengi yana chaja ya volti 100, na tundu letu ni 230. Ukichomeka utasikia harufu tu. Sola nayo ifute vinyesi vya kunguru na ulitoe gari kivulini, kwani tawi moja linaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima.

Kila ukirudisha waya za betri, chanya kwanza, hasi mwisho. Mwisho, chaji kila betri peke yake mpaka ijae, ichomoe waya zote, iache ilale. Saa 12 asubuhi pima. Ikiwa 12.5 na kuendelea, imeshika chaji. Ikishuka chini ya 12.4 bila kuguswa na mtu, hiyo kweli imekufa. Kwa litiamu usitumie namba hizi, volti zake hazishuki hivyo. Na kwenye gari la 24 nunua mbili kwa pamoja, za ampea sawa. Mpya ikifungwa na kuukuu, kuukuu inaivuta mpya chini.