Ukuta Usikae Kwenye Kivinjari

Habari za asubuhi. Mliokaa nyuma sogeeni, maana leo kila mtu atakishika kwa mkono wake.

Hiki hapa mezani ni Hapkit, kifaa cha kuufanya mkono uhisi vitu visivyokuwepo, kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, katika maabara ya Profesa Allison Okamura. Kina mpini mmoja, mota moja na bodi ya jamii ya Arduino, yaani kompyuta ndogo inayoiendesha hiyo mota. Sukuma mpini kushoto: mwepesi. Sukuma kulia... enhe, umegonga ukuta! Ukuta wenyewe haupo. Ni mota inakusukuma, na kadiri unavyozidi kuzama ndivyo inavyozidi kukukazia, kama springi.

Jicho ni pole, picha 60 kwa sekunde zinalitosha. Mkono haukubali. Kawaida ya kazi hii ya kuuhisisha mkono ni kukokotoa nguvu ya mota mara 1,000 kwa sekunde.

Mwanzoni nilitaka kila kitu kiishi ndani ya kivinjari. Tangu 2021 Chrome ya kompyuta ina WebHID na Web Serial: ukurasa unaongea na kifaa cha USB bila mtu kusakinisha programu, ilimradi abonyeze kitufe na kukubali mwenyewe. Raha tupu kwa maonyesho. Nikaandika hesabu ya springi kwa JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, nikaita wageni. Wa kwanza alipogusa tu ukuta, mpini ukaanza drrrrr, meza nzima ikalia. Akauachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

Hebu tuufuate ule mkono polepole. Unapoingia ukutani na taarifa ya mpini ulipo imechelewa, mota inasukuma kwa kipimo cha pale ulipokuwa, si ulipo sasa: nguvu pungufu. Unapotoka, bado inasukuma kwa kina ulichokwisha kukiacha: nguvu ya ziada. Springi inakurudishia zaidi kuliko ulichoipa, na hiyo ziada ndiyo mtetemo. Kivinjari nacho hakikosi sababu ya kuchelewa. Amri za setTimeout, zile za JavaScript za kusema "ngoja kidogo kisha fanya", zikiitana mfululizo hulazimishwa kungoja angalau milisekunde 4, ilhali mkono unataka 1. Hamia tabo nyingine, na ile uliyoiacha huenda ikaamshwa mara moja tu kwa sekunde.

Basi nikauhamisha ukuta. Siku hizi ukurasa unatuma maelezo tu: ukuta uko hapa, ugumu wake kiasi hiki. Bodi inakokotoa nguvu yenyewe, kivinjari kinapokea mpini ulipo na kuchora. Picha ikikwama kidogo, hakuna atakayepiga kelele. Ila bodi nimeiagiza hivi: ukurasa ukinyamaza kwa sekunde mbili, legeza mota. Kuna watu hufunga laptopu huku mwenzao ameshika mpini!

Nani aanze? Dada wa shati la njano, njoo. Shika kwa vidole viwili, si kwa ngumi. Egemea ukuta... hapo hapo. Sasa wewe kaka, hamia tabo nyingine, na sote tuhesabu mpaka mbili.