Pengo Kwenye Chati ya Hisa za Mrabaha

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunafungua chati za hisa za mrabaha wa mafuta na gesi kule Marekani. Hawa hawachimbi chochote, wana haki ya fungu la kile wanachotoa wengine. Bakari, nasikia chati zao huzipendi.

BAKARI: Nazipenda sana, dada. Ninachokataa ni kuzisoma kama chati za kampuni nyingine yoyote. Chukua Dorchester Minerals. Inagawa fedha kila robo mwaka, na gawio lenyewe hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta. Tuseme, kwa mfano tu, hisa imefunga kwa dola 30 na gawio ni senti 90. Kesho yake anayenunua hahesabiwi tena kwenye gawio hilo. Itafunguka wapi?

ZUHURA: Karibu na 29.10, hata kama hakuna aliyeikimbia.

BAKARI: Enhe! Lakini kwenye chati unaona pengo, na mshumaa mwekundu chini yake, yaani ule mchoro wa bei ya siku moja, wekundu ukimaanisha bei imeshuka.

ZUHURA: Na RSI, kipimo cha nguvu ya bei kupanda au kushuka kati ya 0 na 100, inashuka. Kipimo hicho cha mchambuzi wa chati Welles Wilder, cha mwaka 1978, kwa kawaida hutazama siku 14. Hakijui kama bei imeanguka kwa hofu au kwa sababu fedha zimekwenda kwa wenye hisa.

BAKARI: Wastani wa bei za siku 200 ndio wenye mtego mkubwa. Hizo ni siku za soko, karibu miezi tisa na nusu, kwa hiyo ndani yake mna magawio matatu. Kwa mfano wetu ni dola 2.70. Bei ikipita chini ya wastani, mtu anauza, kumbe sehemu ya anguko hilo iko kwenye akaunti yake!

ZUHURA: Si atumie chati iliyorekebishwa kwa magawio, yaishe?

BAKARI: Kwa wastani na RSI, sawa. Kwa sakafu na dari, yaani bei ambazo hisa ikizifikia huelekea kuacha kushuka au kupanda, hapana. Chati hiyo hupunguza bei zote za nyuma, kwa hiyo unachora mstari kwenye bei ambayo hakuna aliyenunulia. Watu hukumbuka walicholipa. Mimi mistari hiyo naichora kwenye bei halisi, na najua wapo watakaonipinga.

ZUHURA: Mimi sikupingi. Ila kabla ya yote natia alama tarehe za magawio. Tangu tarehe 28 Mei 2024, biashara za hisa Marekani hukamilishwa siku moja baadaye, kwa hiyo siku ya kufunga orodha ya wanaolipwa na siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio huwa ni moja. Imerahisisha kazi.

BAKARI: Na chati ya bidhaa yenyewe iwe pembeni. Angalia ni bidhaa gani, lakini. San Juan Basin Royalty Trust, amana inayogawia wenye hisa mrabaha, ni ya gesi. Ukiiweka karibu na mafuta ghafi unajidanganya.

ZUHURA: Tumalizie na ile ya Alaska.

BAKARI: BP Prudhoe Bay Royalty Trust, ya mwaka 1989. Mrabaha wake ulihesabiwa kwa bei ya WTI, mafuta ghafi ya Marekani yanayotumika kama kigezo cha bei, ukiondoa kodi na gharama zilizopangwa kwenye mkataba, na gharama hizo zilikuwa zikipanda. Pia kulikuwa na kifungu kwamba mapato yakiwa chini ya dola milioni 1 kwa miaka miwili mfululizo, amana inafungwa.

ZUHURA: Na ikafungwa mwishoni mwa 2024.

BAKARI: Sasa mtu anaangalia RSI iko chini ya 30, anasema imeuzwa kupita kiasi, itarudi. Irudi kwa nguvu gani, ilhali mrabaha ni sifuri?

ZUHURA: Na kifungu hicho huwezi kukiona kwenye mshumaa wowote.

BAKARI: Kiko kwenye ripoti ya mwaka. Kwa hisa hizi mimi naanzia huko, chati inafuata, tena nikishaona mrabaha bado unaingia.